Kutoka Zizini Hadi Kopo la Maziwa: Siku Moja kwa Miguu Mjini Bukavu

Mtu wa Bukavu akikupa miadi Feu Rouge, usiende ukitafuta taa. Maneno hayo ni ya Kifaransa, taa nyekundu ya kuongozea magari, lakini mwenyeji akiyatamka hawazi taa hata kidogo. Anawaza magari ya abiria yaliyobanana, akina mama na mabeseni yao ya nyanya, na vijana wa moto, yaani pikipiki za kukodi, wakigombea mteja. Akikuambia ushuke Essence, hawazi petroli. Anawaza kituo na msongamano wake. Ni kama mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Kariakoo kununua kitenge bila kuwakumbuka wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ambao jina lao lilibaki pale baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Kila mji una majina ya namna hiyo, ila Bukavu imejengwa nayo. Ukienda Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, mwenye kukuongoza atakupitisha chini ya kuta za mawe za enzi za kati. Ukienda Mji Mkongwe wa Unguja, atakusimamisha mbele ya mlango wa nakshi. Kuta na milango hujieleza nusu ya safari. Bukavu haina ngome wala lango. Urithi wake umewekwa vinywani mwa watu: majina ya vituo, ya shule, ya kambi, hata ya vipimo vya sokoni. Vitu vyenyewe vimekufa au vimegeuka, majina yakabaki yakifanya kazi. Anayetaka kuujua mji huu hana budi kutembea akiuliza.

Makala haya yanakuongoza katika matembezi hayo, kuanzia mpakani asubuhi hadi soko la Kadutu alasiri. Vaa viatu vinavyoshika ardhi. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hakuna mtaa ambao hautakudai ama kupanda ama kushuka. Ile chukudu, baiskeli ya mbao, imepata umaarufu Goma. Kwenye vilima vya Bukavu mzigo hubebwa na mgongo wa mtu. Kamera iache mfukoni, hasa karibu na mpaka, madaraja na kambi, na ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza.

Ni haki pia kusema kwamba hili si tangazo la utalii. Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mjini, na tarehe 27 ya mwezi huohuo milipuko iliua watu katika mkutano wao kwenye Uwanja wa Uhuru. Ninawaandikia wenye mji, waliobaki na waliotawanyika, na yeyote ambaye Bukavu humfikia kupitia habari za vita tu.

Ruzizi, mlango wa ziwa

Tuanzie mtoni. Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo iko hapa: mto Ruzizi, unaochomoka kwenye pembe ya kusini ya ziwa na kuitenga Bukavu na Rwanda. Wanajiolojia wanasema zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkeno za Virunga zikainuka, zikaziba njia, maji yakajaa mpaka yakafurika kusini na kuchimba mto huu. Leo Ruzizi unateremka zaidi ya kilomita 100 na karibu mita 700 kwenda chini mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Kwa hiyo kabla ya watu kuanza kuhamahama na kubadilisha majina, ziwa lenyewe lilikwisha badilisha njia.

Asubuhi daraja ni la akina mama. Wanavuka na mboga, nyanya, mayai na vitambaa, wengine wakiwa wamebeba mzigo mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso, mwili umeinama mbele kana kwamba unasoma barabara. Hii ndiyo biashara inayolisha nyumba nyingi za pande zote mbili. Mpaka wenyewe una umri mdogo kuliko undugu wa watu wanaouvuka: Wajerumani walikuwa Shangugu ng'ambo ile, Wabelgiji huku, na walivutana mpaka makubaliano ya mwaka 1910 yalipowagawanya.

Mto huu mwembamba umeshuhudia majeshi pia. Tarehe 1 Januari 1961 askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi wakati huo, walipitia Ruanda-Urundi, iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji, wakajaribu kuuteka mji uliokuwa mikononi mwa wafuasi wa Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani. Walishindwa. Novemba 1967 mamluki wa Jean Schramm, mlowezi wa Kibelgiji aliyekuwa ameishika Bukavu tangu Agosti, walikimbia kwa kuvuka upande huuhuu.

Kabla ya kuupa mto mgongo, tazama kinachoelea. Chini kidogo ya mji kuna bwawa la kwanza la umeme la Ruzizi, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki tulizozitupa kwenye mifereji huteremka hadi ziwani, ziwa huzikabidhi kwa mto, na mto huzipeleka kwenye mitambo. Umeme ukikatika usiku, yawezekana kabisa kwamba chupa iliyouzima ilipita mlangoni kwako wiki iliyopita.

Alfajiri, na jioni ya Nyawera

Kutoka mpakani, barabara ya Nguba inakupeleka hadi njia panda ya Nyawera. Hapo juu ya kilima lipo jengo refu la zege lenye madirisha yaliyojipanga kama askari wa gwaride: Chuo cha Alfajiri, shule ya sekondari ya Wayesuiti. Kilianzishwa mwaka 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, Bibi Yetu wa Ushindi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa Wazungu. Mobutu alipoleta siasa yake ya uhalisi miaka ya 1970, nchi ikaitwa Zaire, watu wakaacha majina ya ubatizo, na shule ikapata jina jipya.

Jina lililochaguliwa linastahili kutafakariwa kidogo. Halikuwa la Kimashi, lugha ya Bashi wenye ardhi hii, wala la Kilingala, lugha ya jeshi na ya rais. Lilikuwa la Kiswahili. Mji huu ni mahali ambapo Mushi, Mulega, Muhavu, Mufuliiru na Mubembe hukutana, na lugha wanayokutania ni hii. Ni Kiswahili chenye sura yake: ugali ni bugali, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, samaki mkavu wa chumvi ni makayabu. Na msomaji wa pwani asishangae akimsikia mama akitembeza makala mtaani. Huku makala ni mkaa. Gazeti halichemshi maharagi.

Nyawera yenyewe ina kumbukumbu nzito kuliko zote za mji. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita vilivyokuja kumwangusha Mobutu viliifikia Bukavu, wakati mkoa ulikuwa bado umejaa wakimbizi wa Rwanda waliovuka mwaka 1994. Wakubwa wengi wa serikali walikwisha ondoka. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myesuiti, alibaki na watu wake na alikuwa amewasihi wasiukimbie mji. Jioni ya tarehe 29 Oktoba aliuawa hapa Nyawera, na mwili wake ulibaki pale barabarani hadi siku iliyofuata. Kaburi lake liko kwenye Kanisa Kuu la Notre-Dame de la Paix, Bibi Yetu wa Amani, kituo chetu kinachofuata.

Fikiria mpangilio huo kwa miguu yako. Unatoka shule iliyoitwa Ushindi, ambayo sasa inaitwa Alfajiri, unapita mahali alipouawa mchungaji jioni, unafika kanisa linaloitwa Amani. Hakuna mchoraji wa ramani aliyepanga hivyo, na mwendo wenyewe si mrefu.

Aliyemrithi Munzihirwa, Emmanuel Kataliko, naye alilipa gharama ya kusema. Februari 2000 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala walimfukuzia Butembo. Mji ulikasirika, waumini wakaonesha hasira yao waziwazi, na Septemba alirudishwa. Mwezi uliofuata alifariki Roma. Kwa hiyo wazee wa hapa wakisema kwamba kanisa kuu ni jengo la mji mzima, wasikilize vizuri. Hawazungumzii madhehebu.

Barabara ya Mfalme iliyogeuka kuwa ya Lumumba

Sasa tuingie barabara kuu. Wabelgiji waliiita Avenue Royale, Barabara ya Kifalme. Leo inabeba jina la Patrice Emery Lumumba, mtu ambaye siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alimjibu mfalme wa Ubelgiji mbele ya uso wake. Barabara chache duniani zimehamishwa kutoka kwa mwenye nyumba mmoja kwenda kwa mwingine kwa kisasi kitamu kiasi hicho.

Hapa ndipo utakapofanya kazi ya macho. Chini, usawa wa mabega, utaona vibanda vya kubadilisha fedha, miavuli ya wauza vocha, mabango ya rangi kali. Inua shingo. Juu ya mabango kuna mji mwingine: pembe za majengo zilizoviringwa kama ubavu wa meli, mistari ya zege inayokimbia mlalo kutoka dirisha hadi dirisha, madirisha ya duara, roshani nyembamba. Huu ni mtindo wa Art Deco, uliopendwa Ulaya kati ya vita viwili vya dunia na kuletwa huku na walowezi waliotaka ziwa hili liwe Uswisi yao ya Afrika. Hoteli Résidence ni mfano ambao kila mpita njia anaweza kuuona bila kulipa chochote.

Wenzetu wa Asmara, Eritrea, walikuwa na majengo ya jamaa hiyo yaliyoachwa na Waitaliano. Waliyaorodhesha, wakayatetea, na mwaka 2017 UNESCO ikauingiza mji wao kwenye Urithi wa Dunia. Kongo ina maeneo matano kwenye orodha hiyo: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Hifadhi ya Okapi. Yote ni misitu, mbuga na wanyama. Kahuzi-Biega, makao ya sokwe wakubwa, iko jirani na Bukavu na iliandikwa tangu mwaka 1980. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa mbali, utadhani Kongo ni nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kujenga nyumba. Na wakati tunasubiri orodha nyingine, kila mwaka pembe fulani iliyoviringwa hubomolewa ili jengo la vioo lipate nafasi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi. Nyundo za wenye fedha hazihitaji tetemeko.

Lakini msifu wa majengo haya asisahau yalikuwa ya nani. Mji uliokua kuzunguka barabara hii uliitwa Costermansville kuanzia mwaka 1927, kwa heshima ya Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu wa Kongo ya Mfalme Leopold. Mwaka 1905 tume iliyochunguza ukatili wa utawala ule ilimweleza Costermans iliyoyaona. Muda mfupi baadaye alijiua. Mji mzuri kuliko yote ya ziwa hili ulipewa jina la mtu aliyeelemewa na ukweli wa kazi aliyoisimamia, na sidhani kama waliotundika kibao hicho walikuwa wanalifikiria hilo.

Mwafrika hakuitembelea Avenue Royale apendavyo. Ibanda, upande huu wa rasi, ilikuwa ya Wazungu. Wafanyakazi wao waliwekwa Kadutu, kilimani, na baadaye Bagira, mtaa uliojengwa miaka ya 1950 na ofisi ya serikali ya nyumba za Waafrika. Usiku ukiingia, Mkongo aliyeonekana upande wa Wazungu alitakiwa awe na karatasi ya ruhusa. Kwa hiyo matembezi haya tunayoyafanya kwa kujifurahisha, babu wa rafiki zako angeyafanya kwa kibali mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la Costermans liliondolewa na mji ukarudishiwa jina lake la asili.

Jina hilo la asili ndilo fumbo letu la leo. Kwa Kimashi ng'ombe ni enkafu. Bunkafu ni mahali pa ng'ombe, na masikio ya wageni yakapata humo Bukavu. Kabla ya zege palikuwa na malisho. Na kwa Bashi ng'ombe hakuwa kitoweo. Alikuwa mahari, alikuwa heshima, alikuwa hata hati ya ardhi: katika desturi iitwayo kalinzi, mtu aliyetaka shamba la kurithisha watoto wake alimpelekea chifu ng'ombe, na ardhi ikawa yake na ya ukoo wake. Wabelgiji walipochukua rasi tano zilizochomoza ziwani kama vidole vya mkono, ng'ombe walipanda milimani. Jina lilibaki chini, halina mnyama wa kulibeba.

Kiatu ndani ya maji

Shuka sasa kuelekea Labotte, rasi inayojulikana zaidi kati ya hizo tano. Kwa Kifaransa Labotte ni buti. Tazama ramani utaona kwa nini: rasi imekaa ziwani kama kiatu kirefu kilichosahauliwa na mvuvi. Jina lake la zamani zaidi ni Nyalukemba, na ni huku ambako kituo cha kwanza cha wakoloni kilisimama mwanzoni mwa karne iliyopita. Nyumba zenye bustani, kuta ndefu na bugenvilia. Walinzi kwenye mageti. Kuna watoto waliozaliwa Kadutu, mwendo wa saa moja kutoka hapa, ambao hawajawahi kuufikia mwisho wa buti hili.

Ziwa lenyewe halibagui. Simama popote penye uwazi utazame upande wa kaskazini. Siku isiyo na ukungu utaiona Idjwi, kisiwa kikubwa ambacho mananasi yake yanakuja Bukavu kwa mitumbwi na boti. Boti za Goma hupita huko huko. Maji yanaonekana matulivu kama mafuta ya taa kwenye chupa, na mfano huo si wa bure: chini kabisa, ziwa linafika mita 480 hivi, na maji ya kina yamebeba methani na gesi ya kaboni kwa wingi ambao wataalamu huutazama kwa jicho la tamaa na jicho la hofu.

Ukiwa na subira ya kukaa hadi giza, utawaona wavuvi wa sambaza. Mitumbwi mitatu huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa miti mirefu, wavu huning'inizwa katikati, taa huwashwa ili kuwaita samaki. Kutoka kilimani ziwa huonekana kama limepandwa nyota, na upepo ukiwa mwema utasikia nyimbo za kupiga kasia. Sambaza ni dagaa mdogo anayeliwa mzima, kichwa na mkia, kwa bugali na pilipili. Naye ni mhamiaji. Hakuwapo ziwani humu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wachache wa kulisha watu. Msemaji wa Kiswahili wa pwani akisikia jina lake hudhani ni amri, na samaki alitii amri hiyo barabara: alisambaa ziwa zima.

Kwa hiyo chakula kinachotajwa kwanza mtu wa Bukavu akiikumbuka nyumbani, akiwa Kampala au Brussels, kimekuwepo ziwani kwa muda mfupi kuliko maisha ya bibi yake. Tunakosea tunapodhani asili ni kitu kilichokuwepo tangu zamani. Pengine asili ni kitu ambacho watu wamekila pamoja kwa muda wa kutosha.

Kupanda Kadutu

Sasa panda. Njia za Kadutu ni nyembamba na nyingine ni ngazi za udongo zilizochongwa na miguu. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, bati juu ya bati. Kadutu ilipangwa kwa wafanyakazi wa mji mdogo. Leo Bukavu nzima ina zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wamesukumwa hapa na vita vya vijijini, na kilima hakikuongezwa. Ndiyo maana mvua kubwa huku haiombewi. Udongo uliopoteza miti yake huteremka na nyumba zilizo juu yake, na moto ukishika chumba kimoja hupata mtaa mzima mbele yake.

Njiani vijana watakuonesha uwanja wa Concorde, ambako OC Muungano na Bukavu Dawa wakikutana, mji hugawanyika mara mbili kwa dakika 90 na kuungana tena wakati wa kumlaumu mwamuzi. Tazama majina hayo pia: Muungano na Dawa. Mji uliopasuliwa mara nyingi umezipa timu zake majina ya vitu unavyovitaka. Mtu mwingine atanyosha kidole upande wa Kambi ya Saio. Muulize Saio ni nani. Wengi watakujibu ni kambi, basi. Kumbe ni mji wa Ethiopia, unaoitwa sasa Dembidolo, ambako Julai 1941 askari wa Kongo walipokea silaha za Waitaliano walioshindwa. Wakongo hao walitembea na kusafiri toka kwao hadi Uhabeshi, wakashinda vita vya watu wengine, na ushindi wao ukaletwa nyumbani kama jina la kambi.

Kusini zaidi, mbali kidogo kwa miguu yetu ya leo, iko Panzi. Nalo lilikuwa jina la mtaa tu. Mwaka 1999 Dkt. Denis Mukwege, mzaliwa wa mji huu, alianzisha hospitali pale, na wanawake walioumizwa katika vita wakaanza kuletwa kwake kutoka kila upande wa mkoa. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo daktari wa Oslo au Boston akisikia neno Panzi hawazi mtaa. Hivyo ndivyo majina yanavyozaliwa upya hapa: mtu anafanya kazi mahali fulani mpaka mahali panageuka kuwa kazi ile.

Tumefika sokoni, na alasiri imekolea. Soko la Kadutu halina mlango mmoja, unaingia pale miguu inapokusukuma. Mafungu ya sombe iliyotwangwa, makayabu yananuka chumvi, mitumba imetundikwa kama bendera, bapakasi, wapagazi wa kutwa, wanapita na magunia wakipiga kelele upishe. Tafuta mama anayeuza maharagi ukae karibu naye.

"Jambo, mama."

"Jambo sana, papa. Karibu, maharagi ni mazuri, inaiva upesi."

"Guigoz moja ni franga ngapi?"

Neno hilo ndilo lililotuleta huku juu. Guigoz ni kopo la bati analopimia: analichota, analijaza mpaka linafanya kilima, analimimina kwenye mfuko wako. Ukimwambia aweke matabishi, atakuongezea kiganja kimoja, na wote wawili mtakuwa mmeheshimiana. Kila mtu sokoni anajua Guigoz ni kiasi gani cha maharagi, mchele au unga. Hakuna anayehitaji mizani.

Lakini soma maandishi ya asili ya kopo hilo, kama bado yapo. Guigoz ni maziwa ya unga ya watoto wachanga, ya kampuni iliyoanzia Uswisi. Yalikuja enzi zile kwa wenye kuyamudu, watoto wakayanywa, makopo yakabaki, nayo yakawa kipimo cha soko zima. Watoto wengi wa Kadutu hawajawahi kuonja maziwa hayo, ila kila mlo wao umepita ndani ya jina lake.

Na hapo ndipo fumbo la jina la mji linapojibiwa. Mji uliopewa jina na ng'ombe, katika nchi ambako ng'ombe mmoja alitosha kununua ardhi ya ukoo, leo unapima chakula chake kwa kopo la maziwa ya ng'ombe wa Ulaya. Mtu mwenye uchungu ataona hapo historia yote ya kunyang'anywa, naye hatakuwa amekosea. Mimi nikimtazama mama huyu naona jambo moja zaidi. Alipewa kopo tupu. Akalijaza.

Lipa, chukua maharagi yako, shuka na jua. Ukipotea, uliza njia ya Feu Rouge. Watakufikisha.